Saini Mia Saba

Pale stendi ya Same, tukisubiri basi la Dar, kijana mmoja aliniambia kwa uhakika wote kwamba Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ni kiongozi wa kupigiwa mfano. Ushahidi wake ni huu: bodi ya OpenAI ilipomfukuza tarehe 17 Novemba 2023, wafanyakazi zaidi ya 700 kati ya takriban 770 walitia saini barua ya kutishia kuondoka, na siku chache tu baadaye akarudi kitini. "Mzee, watu 700 hawawezi kudanganyika," akasema. Hoja hiyo nimeisikia pia kwa wasomi. Naipinga.

Hawakudanganyika, walijua hesabu. Wakati ule kampuni ilikuwa mbioni kuwaruhusu wauze hisa zao kwa bei iliyoithamini dola bilioni 86. Bosi akiondoka, mauzo yale yangeota mbawa. Microsoft nayo ilikuwa imewafungulia mlango wa ajira. Aliyesaini alikuwa analinda nyumba atakayoinunua, na aliyesita alitazamwa na wenzake wote. Simlaumu hata mmoja. Ninachokataa ni kuiita saini ile mapenzi, kisha sisi tulio mbali tuigeuze cheti cha tabia njema cha kampuni ambayo watoto wetu wanaipelekea maswali yao usiku na mchana.

Mtazame Ilya Sutskever. Alikuwamo ndani ya bodi iliyomfukuza Altman. Siku tatu baadaye jina lake likaonekana kwenye barua ya kumtaka arudi. Mei 2024 akaondoka. Mwezi huo huo Jan Leike, mmoja wa viongozi wa utafiti wa usalama pale, naye akiaga, alisema hadharani kwamba usalama umeachwa nyuma na bidhaa zinazong'aa. Mwezi huo huo tena ikafichuka kwamba wanaoacha kazi walipewa karatasi ya kuwafunga midomo wasiiseme vibaya kampuni, la sivyo hata hisa walizokwisha kuzichuma zilikuwa hatarini. Altman aliomba radhi na sharti likaondolewa. Lakini kampuni inayopendwa kiasi hicho ilikuwa na haja gani na karatasi ile?

Na wale vijana wa Nairobi, waliosoma maandishi ya ukatili na unajisi kupitia kampuni ya Sama, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa, ili ChatGPT isitapike uchafu? Maoni yao juu ya bosi hayakuhesabiwa na yeyote.

Sisi Wapare tunajua watu wakisimama kwa dhati huwa inaonekanaje. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka milimani hadi hapa Same kuikataa mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Kulipa kodi hawakukataa, walikataa kukadiriwa. Watawala wao wa jadi walikwisha kuikubali kwa niaba yao. Wanaume wale wakaketi chini, majuma kwa majuma, huku kazi za shamba zikiwalemea wake zao kule juu, hata wanawake nao wakaja kuandamana. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika habari zao, na kila nikizisoma naamini walichosema, kwa sababu kila siku waliyokaa pale iliwagharimu.

Nilimsimulia kijana. Akauliza, sasa walipata nini?

Mbiru ilifutwa, nikamjibu. Zaidi ya hapo, walirudi kulima.