Kabla ya kumwita fundi mwizi

Mchango wa piano ya kwaya umerudi tena, mara ya tatu mwaka huu. Fundi anakuja, anakaza nyuzi, tunaimba wiki mbili kwa raha, halafu sauti zinaanza kugombana. Sasa kwenye grupu watu wanasema mzee katupiga. Mimi nasema tusichange hata mia, na tusimwite mtu mwizi, mpaka tujue ugonjwa ni upi.

Piano ina vibonye 88 lakini nyuzi zaidi ya 200, maana noti nyingi zina nyuzi tatu tatu. Nyuma ya nyuzi kuna ubao mwembamba unaokuza sauti. Huo hunywa unyevu kama mlango wa mbao wakati wa masika. Ukivimba unasukuma nyuzi, sauti inapanda, ukikauka, inashuka. Na yetu iko wapi? Kando ya dirisha, chini ya kiyoyozi. Mchana kinawaka, jioni kinazimwa, joto la Dar linarudi.

Mara ya pili fundi aliniambia, "Mwanangu, hii itoeni hapa." Nikamjibu, "Sawa mzee," nikaenda zangu. Ndiyo, ni mimi. Tuliisukuma pale wenyewe ili tuimbe kwenye upepo.

Kwa hiyo tupime. Simu zetu zinaweza kuwekwa programu ya kupima sauti. La iliyo juu ya Do ya katikati inatakiwa iwe Hertz 440. Kila Ijumaa tuandike noti kumi, kwa wiki nne. Zikipanda au kushuka zote pamoja, tatizo ni hewa: tuisogeze ukuta wa ndani, bure kabisa. Zikilegea chache tu huku nyingine zimetulia, basi huenda pini za nyuzi hizo hazishiki tena kwenye mbao. Hapo kukaza kila mwezi ni kutupa hela. Fundi aulizwe kuhusu pini nene zaidi. Na piano iliyokaa miaka bila kuguswa haitulii kwa kukazwa mara moja, kwa sababu kila uzi ukivutwa unabadilisha mzigo wa wenzake. Inabidi irudiwe.

Wapo wanaosema tununue kinanda cha umeme tumalize. Kweli, hakina nyuzi za kulegea. Lakini bei yake itatoka kwenye bumu lilelile, na piano itabaki pale inaoza.

Sisi wa ualimu tunaambiwa kila siku: mtoto anayesahau somo kila wiki, usianze na fimbo, chunguza kwanza. Tukienda field tutayasema hayo kwa kujiamini. Tuanze nayo hapa.

Daftari nimeliweka juu ya piano. Ijumaa saa kumi jioni, njoo na simu yako, na njoo na nguvu: kuisogeza tunahitaji watu sita. Mzee nimeshampigia kumwomba radhi.