Thredi Mbili Zinazokaribia Kufanana

Nilikuwa nimeahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini leo mtanisamehe, kwa sababu kuna kipande cha plastiki kimenifundisha kazi yangu upya.

Mjomba wangu Migori ana bwawa la kuogelea la plastiki, lile linalosimama juu ya ardhi bila kuchimbwa. Binamu yangu alilituma kutoka Marekani miaka mingi iliyopita. Watoto walipokua, mjomba akalifanya bwawa la kufugia ngege. Upana wake ni futi 12 na kina ni kama mita 1, yaani lita elfu 10 hivi. Pampu huvuta maji, huyapitisha kwenye pipa la changarawe, kisha huyarudisha bwawani kupitia konekta moja iliyo ukutani.

Konekta hiyo ilikuwa ikivuja. Maji yakishuka usiku chini ya mdomo wa kuvutia, pampu inavuta hewa tupu na mzunguko unakufa. Alfajiri ndipo oksijeni huwa kidogo zaidi majini, kwa kuwa mimea haitengenezi oksijeni gizani na viumbe vyote vinaendelea kupumua. Mjomba alikuwa akiamka anakuta ngege wako juu wanahema, na wengine wameshaelea.

Nani aliyeiharibu? Ni mimi. Mwezi wa Desemba elbo ya zamani ilipopasuka, nilinunua nyingine ya inchi moja na nusu, nikaifunga. Iliingia mizunguko michache ikakwama. Nikazungusha tepu nyeupe, nikaongeza nyingine, nikakaza kwa spana ya paipu. Ikashika! Nikarudi kazini nikijisifu. Kumbe nilikuwa nimeipasua konekta kwa ndani.

"Mjomba, si tubadilishe bwawa lote?" niliuliza.

"Wewe kompyuta ikikwama neno moja unanunua nyingine?" akanijibu. Kisha akatoa kwenye mkebe ile elbo ya zamani. Hakuitupa.

Juma lile nilikuwa na safari ya Homa Bay kupitia Rongo, kwa hiyo nikabeba elbo zote mbili nikampelekea fundi mmoja mzee wa pampu. Hakuuliza mengi. Alizilaza ubavu kwa ubavu, meno kwa meno, akazielekeza kwenye jua.

"Kijana, unaona mwanga?"

Niliuona. Meno ya kwanza yalikaa sawa, halafu yakaanza kupishana.

Maelezo yake ni haya. Mabomba yetu Kenya hufuata thredi ya Uingereza, BSP, ambayo umbo lake linatokana na kazi ya Joseph Whitworth ya mwaka 1841: pembe ya digrii 55. Wamarekani walifuata njia ya William Sellers, aliyependekeza digrii 60 mwaka 1864, na thredi yao ya mabomba inaitwa NPT. Kwa paipu ya inchi moja na nusu, BSP ina meno 11 kwa kila inchi na NPT ina 11 na nusu. Nusu jino tu! Mbaya zaidi ni nusu inchi na robo tatu, ambako zote mbili zina meno 14. Hapo zinaingiana vizuri kabisa, ila umbo la jino ni tofauti, na maji yanapata njia.

Sisi waandika programu tunao ugonjwa huu huu. Chukua tarehe 03/04/2009. Kenya ni Aprili 3, Marekani ni Machi 4. Programu inayosoma kwa mtindo usio wake itaenda bila kulalamika siku 12 za kwanza za mwezi, halafu tarehe 13 inakwama. Ukiweka kiraka cha tarehe 13 pekee, umezungusha tepu nyeupe: kosa la zile siku 12 limebaki ndani, na hakuna anayeliona.

Ndiyo maana nasema kitu kisichoingiana kabisa hakina shida. Kinakukatalia mlangoni, unatafuta kingine. Kinachotuumiza ni kile kinachokaribia kuingiana, kwa sababu tunamalizia kwa nguvu za mkono. Kisha tunalaumu plastiki, au fundi, au mtumiaji.

Basi tulitengenezaje? Hatukutafuta NPT. Tuliondoa konekta nzima ya Kimarekani, tukaweka konekta ya tangi ya BSP ya dukani. Tundu la ukuta lilikuwa pana kidogo, kwa hiyo tulikata visahani viwili vya plastiki ya jerikeni, kimoja ndani, kimoja nje, pamoja na washa za mpira wa tyubu ya gari. Tulikaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Konekta ya tangi huzuia maji kwa mpira uliobanwa ukutani, si kwa kukazwa hadi ilie. Sasa elbo ikipasuka, mjomba atapata nyingine hapo hapo Migori, bila kunisubiri.

Ninyi mnaotuma vyombo nyumbani kutoka ng'ambo, angalieni maandishi kwenye thredi: NPT ni ya Marekani, G au R ni ya huku kwetu. Tumeni na adapta yake. Nasi tunaoandika programu tuandike wazi tarehe zetu ni za mtindo gani, mwaka, mwezi, siku, kabla mtu hajaanza kukaza.

Mjomba ameandika "BSP" ukutani kwa rangi, herufi kubwa. Ni maelezo mazuri kuliko mengi niliyowahi kuandika kwenye programu zangu :-)

Hifadhidata tutarudia juma lijalo, Mungu akipenda.