Ziara Zetu na Kimya cha Siyu

Kila mwaka chama chetu hufunga safari ya Pwani, nami sijaikosa hata moja tangu nijiunge na chuo. Huondoka Nairobi usiku, tukaimba hadi Voi, na kunapopambazuka tuko Mombasa tukipigana vikumbo mbele ya lango la Fort Jesus. Siku ya pili huwa ni Gedi na Malindi, jioni ufukweni. Siku ya tatu hurejea na mchanga viatuni, picha tele, na ripoti yenye kichwa "Ziara ya Kimasomo". Sisemi haya kwa kejeli. Ripoti mbili kati ya hizo niliziandika mimi mwenyewe, na katika mojawapo nilidai kwamba "wanachama walitangamana na wenyeji na kuzisikia lahaja za Kiswahili". Mwenyeji niliyetangamana naye alikuwa muuza madafu, naye alizungumza nami kwa Sheng.

Ninalotaka kulitetea hapa ni likizo ya namna nyingine: ya kukaa mahali pamoja, bila ratiba, bila basi linalotungoja. Ninaitetea kwa sababu ilinifedhehesha, na fedheha ile ilinifaa kuliko ziara zote nilizowahi kuziandikia ripoti.

Likizo ya mwisho wa mwaka jana mwenzangu wa bwenini alinialika kwao Siyu, kisiwani Pate. Wanafunzi wa fasihi wanalijua jina hilo. Bwana Mataka alitawala hapo, na katika miaka ya 1840 watu wake waliyarudisha nyuma majeshi ya Seyyid Said. Mkewe, Mwana Kupona binti Msham, ndiye aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, utendi ambao sote tumeuchambua "dhamira na maudhui" bila kujiuliza mtunzi alikuwa akiishi wapi. Nilikuwa mmoja wa wasiojiuliza. Hadi siku ile Mwana Kupona kwangu alikuwa swali la pili la sehemu ya ushairi.

Safari yenyewe si fupi. Ni basi hadi Mokowe, mashua hadi Amu, kisha mashua nyingine inayopita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari uliozungukwa na mikoko, ambao hupitika vyema maji yakijaa. Maji yakipwa, abiria husubiri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusafiri kwa saa ya bahari badala ya saa ya dereva. Tulishukia Mtangawanda, tukamalizia kwa pikipiki. Ulikuwa msimu wa kaskazi, ambao ndio majira yetu ya joto ikiwa lazima tuwe nayo. Insha za shule zinazozungumzia "kiangazi" kama cha Ulaya zimetuchanganya vya kutosha.

Siku tatu za mwanzo, nikiri ukweli, nilichoka. Hapakuwa na pa kwenda. Niliiona ngome asubuhi moja, nikaipiga picha, nikadhani nimemaliza. Alasiri wanawake walikaa ndani wakisuka ukili, mikono ikienda bila kutazamwa, mazungumzo yakienda kasi zaidi ya mikono. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Kiswahili, mshindi wa tuzo ya lugha katika shule yangu ya upili huko bara, nilikuwa nikishika neno moja katika manne.

Siku ya nne mama mwenyeji wangu alinitazama nilipojitenga pembeni, akasema, "Ndoo, uteke naswi." Niliinuka kwa adabu zote. Nikaiona ndoo karibu na mlango, nikaichukua, nikaelekea kisimani. Nyuma yangu nyumba nzima ilipasuka kwa kicheko, na mimi nikadhani wanafurahia bidii ya mgeni. Nilirudi na maji pomoni. Hapo ndipo binti mdogo wa nyumba hiyo, wa miaka kama kumi na miwili, alipojifuta machozi akanifafanulia: mama alikuwa ameniambia njoo ucheke nasi.

Msomaji wa jarida hili ameshaona kilichonipata, na ndiyo sababu ninalieleza tukio hili mbele yenu na si mbele ya watu wengine. Semesta iliyotangulia nilikuwa nimepata alama za juu katika insha kuhusu lahaja za kaskazini. Nilieleza kwa jedwali kwamba nj ya Kiunguja kule huwa nd, kwa hiyo njia ni ndia na njaa ni ndaa. Kwamba ch mara nyingi huwa t, kwa hiyo mchele ni mtele na mchanga ni mtanga. Kwamba j huwa y au hudondoka, ndipo jana ikawa yana na maji yakawa mai. Kanuni zote mbili zilizohitajika ili nisibebe ndoo ile nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu. Mkono ulijua. Sikio lilikuwa halijafundishwa, wala hakuna mtihani uliowahi kulitaka lijue. (Jina la bandari niliyoshukia nalo lilianza kuniita wakati huo. Nilikuwa nimeukanyaga mtanga bila kuusikia.)

Baada ya siku hiyo nilisamehewa ugeni. Nikapewa miyaa, nikafundishwa kusuka, nikasuka vibaya, na katika kusuka vibaya huko nikaanza kusikia. Siwezi kueleza namna gani. Sikuwa na daftari wala kinasa sauti. Nadhani ilisaidia kwamba hakuna aliyekuwa akinifundisha lugha. Walikuwa wakizungumza kuhusu posa ya jirani iliyovunjika, nami nilitaka sana kujua kwa nini ilivunjika.

Tulikwenda Pate siku moja, kwenye magofu. Kule ndiko Mwengo wa Athumani alikotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, na magofu ya mji huo ndiyo anayoyatafakari Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi. Nilijiandaa kuhuzunika. Nikakuta tumbaku imepandwa kati ya kuta, na mzee akiinyunyizia maji. Aliniuliza kama bei ya tumbaku huko Nairobi ni nzuri.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala haya lilitokea usiku wa mwisho. Mama mwenyeji alinileta insha ya binti yake. "Mwalimu," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu nimweleze kwamba nasomea ualimu, "mtizamie, mtihani wakaribia." Insha ilikuwa nzuri. Ilieleza safari ya mashua usiku, na baba anayeitafuta ndia kwa kutazama nyota. Nikatoa kalamu nyekundu, nikaikata ndia, nikaandika njia juu yake. Nikakata mai. Nikakata yana. Binti alikuwa ameinama begani mwangu. Akaniuliza, bila ukaidi wowote, "Kwani bibi hukosea?"

Nilimjibu kwamba bibi hakosei, ila mtihani una lugha yake. Jibu hilo ni la kweli na halitoshi. Ningeweza kumweleza kwamba mwaka 1928 wakubwa wa elimu walikutana Mombasa, katika mji wenye lahaja yake yenye ushairi wake, wakakichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Kwamba kamati ya kulisimamia jambo hilo iliundwa mwaka 1930. Na kwamba maneno ninayomkatia ndiyo yaliyojaa katika tenzi tunazozisoma chuoni kama urithi wa taifa. Kwa mtoto, neno hilo ni kosa la alama nusu. Kwa marehemu, ni ufasaha. Sikumweleza. Mama yake alitaka afaulu, nami siwezi kumlaumu mama anayetaka mwanawe afaulu, wala singethubutu kumwambia mtoto aandike ndia kwenye mtihani wa kitaifa. Ningemkata tena leo. Ila sasa ninajua ninakata nini, na najua ni sauti ya nani. Wengi wetu tutatumwa kufundisha Lamu, Tana River, Kwale, na tutafika na kalamu hiyo hiyo baada ya kuiona Pwani kwa siku tatu kupitia dirisha la basi.

Najua yatakayosemwa. Ya kwanza ni fedha, na haya nayakubali nusu: nauli ni ya juu, lakini chakula cha nyumbani mwa watu, hata ukikilipia kama ipasavyo, ni rahisi kuliko hoteli yetu ya kila mwaka. Ya pili ni usalama, ambao kaunti ya Lamu imekuwa na sababu za kuuhofia tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014. Hili waamue wanaojua hali ya siku hiyo, si mimi. Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Tukipeleka wanafunzi sitini Siyu tutakiharibu kile tunachokifuata. Watu watageuzwa maonyesho, na mama yule hatasema tena "ndoo, uteke naswi". Ataulizwa aseme polepole mbele ya simu.

Kwa hiyo nitapendekeza wanane, si sitini, wanaoalikwa na wenzao wenye kwao huko, kwa siku kumi, na ripoti isitakiwe. Wengine waende Mombasa kama kawaida. Wali wa nazi ni mtamu, na Fort Jesus haijawahi kumdhuru mtu. Mkutano wa chama uko wiki ya pili ya muhula. Mweka hazina ameshanidokeza kwamba bei ya basi la viti sitini imekwisha kuulizwa.