Nyuzi za Kompyuta na Mchezo wa Kijana

Kiangazi kinapokaribia kwisha, mji wa Gisenyi hujaa vumbi jeusi la udongo wa volkano. Huingia katika vyungu, hutua juu ya majani ya migomba, na, jambo ambalo wengi hawalitii maanani, hupenya ndani ya kompyuta iliyowekwa sebuleni. Vumbi hilo lina sehemu yake katika habari hii, lakini kwanza yafaa kuanzia dukani, kwa maana huko ndiko fedha za jamaa zinakopotelea.

Achukuliwe kwa mfano sajini mmoja akaaye na mkewe na watoto upande wa Mbugangari. Amekopa Zigama CSS ili anunue kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, kwa kuwa mpya haifikiki. Mkewe hufanya biashara ya mboga mpakani na hutaka kuweka hesabu. Binti ana masomo yake. Na kijana wa miaka kumi na sita, ingawa hakuthubutu kulitamka mbele ya baba, anatamani kucheza kandanda ya kompyuta. Muuzaji anainua mashine mbili na kusema:

"Afande, chukua hii. Hii ni i7, ina ubongo saba. Ile nyingine ni i5, ya watoto wa shule."

Hapo ndipo mtu huuziwa mbuzi ndani ya gunia. Tarakimu 7 katika jina i7 ni cheo, si hesabu. Kama vile nyota za begani zisivyoonyesha idadi ya askari walio nyuma ya afisa. Mashine yenye prosesa iitwayo Core i7-6600U, iliyotoka mwaka 2015, ina viini viwili tu. Ile yenye Core i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017, ina viini vinne. Muuzaji akibanwa, atajitetea kwamba i7 yake "inaonyesha nne". Ni kweli inaonyesha nne, ila hizo nne ni nyuzi, wala si viini. Na ile ya i5, kwa hesabu hiyo hiyo, huonyesha nane.

Basi uzi ni nini? Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, imegawanyika katika viini, na kila kiini ni mfano wa mpishi mmoja mwenye jiko lake la makaa. Mpishi akiteleka maharage hana budi kungoja, na akingoja amekunja mikono, wakati wapotea bure. Kiini nacho hungoja: huagiza taarifa kutoka katika kumbukumbu ya mashine, na kabla hazijafika huweza kupoteza mapigo mengi ya saa yake pasipo kutenda lolote. Wahandisi wakaona heri mpishi yule yule apewe kazi mbili. Maharage yakiwa motoni, amenye viazi. Viazi vikichemka, akaange sambaza. Kila mfululizo wa kazi huitwa uzi, na kiini kimoja huweza kushika nyuzi mbili. Mpishi hakuongezeka. Kisu ni kile kile, na jiko ni lile lile.

Kampuni ya Intel ililitoa jambo hili mwaka 2002 kwa jina la Hyper-Threading, kwanza katika prosesa za Xeon za mitambo ya maofisini, kisha mwezi wa Novemba katika Pentium 4 ya nyumbani. Wahandisi wake waliandika kwamba faida ingeweza kufikia asilimia 30 katika baadhi ya kazi, ilhali ukubwa wa prosesa uliongezeka kwa chini ya asilimia 5. Ni faida njema kwa gharama ndogo, lakini msomaji na aangalie vema: ni asilimia 30 pale mambo yanapokwenda vizuri, wala si mia. Kampuni ya AMD ilifuata mwaka 2017 kwa prosesa zake za Ryzen, nayo hutumia jina la SMT.

Katika mchezo mambo hugeuka. Kazi ya kusanifu filamu, au kubana mafaili mengi kwa pamoja, hugawanyika kama kikosi kinachofyeka kichaka, kila mmoja na sehemu yake. Mchezo hufanana zaidi na gwaride. Kuna uzi mmoja mkuu utoao amri: mpira umefika wapi, mchezaji ameguswa na nani, kamera itazame upande gani. Nyuzi nyingine zote husubiri sauti yake, na kuongeza askari katika safu hakumfanyi mtoa amri aseme upesi zaidi. Tena ikiwa uzi huo mkuu umewekwa katika kiini kimoja na uzi mwingine wenye kazi nzito, wote wawili wanagombea jiko moja, na amri huchelewa. Ndiyo maana baadhi ya wachezaji huzima nyuzi za ziada katika mipangilio ya BIOS, ile kurasa ya chini kabisa inayofunguliwa mashine inapowashwa, nao huona mchezo umepata wepesi kidogo.

Wanaosema hivyo si waongo. Ryzen za kwanza zilipotoka mwaka 2017, wapimaji walikuta michezo kadhaa ikienda vizuri zaidi SMT ikiwa imezimwa. Lakini kisa cha mchezo wa Cyberpunk 2077, uliotoka Desemba 2020, chaonyesha upande wa pili. Wachezaji waligundua kwamba mchezo huo haukuzitumia ipasavyo nyuzi za prosesa za Ryzen, na mwezi huo huo watengenezaji, wakishauriana na AMD, walitoa marekebisho ya 1.05. Waliongeza matumizi ya nyuzi kwa prosesa zenye viini vinne na sita. Zenye viini vinane na zaidi waliziacha kama zilivyokuwa, kwa sababu vipimo vyao vilionyesha nafuu kwa zile ndogo peke yake. Maana yake ni hii: mwenye wapishi wengi hahitaji kumbebesha kila mmoja sufuria mbili, bali mwenye wapishi wachache anahitaji. Intel wenyewe waliiondoa Hyper-Threading katika prosesa za mezani za Core Ultra 200S zilizotoka Oktoba 2024. Ile kubwa yao ina viini 24 na nyuzi 24, lakini katika michezo mingi haikuipita ile iliyoitangulia, yenye viini 24 na nyuzi 32. Sababu kubwa ilitajwa kuwa ni ucheleweshaji wa kumbukumbu, si nyuzi.

Sajini wetu wa mfano hana viini 24. Akiwa amenunua ile i7 yenye viini viwili, kuzima nyuzi ni kujidhulumu, kwani michezo mingi ya siku hizi hutazamia angalau nyuzi nne na huanza kukwama ikikosa. Akiwa na ile i5 ya viini vinne, tofauti yaweza kuwa ndogo hata jicho lisiitambue. Na kompyuta nyingi za mkononi hazina hata mahali pa kuzimia.

Sasa lije lile linaloleta ugomvi nyumbani. Kijana amesikia kwa wenzake kwamba kuna fundi "afunguaye nyuzi" kwa malipo. Hapana fundi mwenye nyuzi za kuuza. Kilichomo katika prosesa ndicho kilichomo, na mashine huja ikiwa imeviwasha vyote. Mara nyingi mtu huyo hufungua programu ndogo ya Windows iitwayo msconfig, akaweka alama katika kisanduku cha idadi ya prosesa na kuchagua tarakimu kubwa kuliko zote. Kisanduku hicho hakiongezi kitu; kiliwekwa ili kupunguza, kwa ajili ya majaribio. Kikiachwa bila alama, mashine hutumia nyuzi zote ilizo nazo. Akikosea akachagua 2, kompyuta ya nyuzi nane itatambaa kama konokono mpaka atakapotokea mtu wa kuiondoa alama hiyo, na huenda mtu huyo akadai malipo ya pili.

Mke wa sajini, ambaye hajui jambo la nyuzi wala halimhusu, ndiye aliyekwisha kutambua kasoro ya kweli: mashine inapotumika kwa muda mrefu huwa moto kama kikaango, na feni yake hulia. Hilo ndilo vumbi jeusi. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, nao mchezo ulioanza vizuri huanza kukatika baada ya robo saa. Hapa pana mtego ambao umewadanganya wengi. Nyuzi za ziada huongeza joto, kwa kuwa mpishi hapumziki. Basi zikizimwa katika mashine iliyozibwa na vumbi, joto hushuka, na mchezo huenda vizuri kweli kweli. Kijana hushangilia kwamba amegundua siri, kumbe amefunga mkono mmoja wa mgonjwa badala ya kumtibu. Mashine hiyo ikifunguliwa na fundi mwaminifu, feni ikasafishwa na dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa ikabadilishwa, nyuzi zikawashwa tena, yaweza kurudia kasi yake yote.

Fedha ikibaki baada ya hapo, isiende kwenye prosesa. Kompyuta ya aina hii haina kadi yake ya picha. Huchora picha kwa kuazima kumbukumbu ya mashine. Nyingi zimeuzwa zikiwa na kipande kimoja cha kumbukumbu na nafasi ya pili tupu. Kuongeza kipande kinacholingana na cha kwanza hupanua njia ya taarifa, na mchezo hunufaika kwa hilo kuliko kwa mipangilio yoyote ya nyuzi. Mama naye hunufaika, maana karatasi zake za hesabu hazitakwama.

Maofisini shauri hili si la mtu binafsi. Mwaka 2018 na 2019 wataalamu walitangaza kasoro ambazo kwazo programu mbaya, ikishiriki kiini kimoja na nyingine, ingeweza kunyemelea siri za mwenzake. Mfumo wa OpenBSD, ujulikanao kwa ukali wake katika usalama, ulizizima nyuzi hizo za Intel tangu Juni 2018. Askari akikuta zimezimwa katika kompyuta ya kazini asiziwashe. Aliyezizima alikuwa na sababu.

Dukani, kabla ya noti kutoka mfukoni, kinga ni ndogo. Mnunuzi abonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, achague ukurasa wa Performance, kisha CPU. Chini ya mchoro yataonekana maandishi Cores, ndiyo viini, na Logical processors, ndiyo nyuzi. Muuzaji aliyesema saba atapata nafasi ya kueleza saba ziko wapi.

Na kijana, akitaka kujaribu nyumbani, aruhusiwe, mradi amwombe baba kwanza na apige picha mipangilio ya BIOS kabla ya kugusa kitu, asiweke huko neno la siri atakalolisahau, na ahakikishe kwamba nakala za hesabu za mama zimehifadhiwa mahali pengine. Mashine iwe katika umeme, si katika betri, kwa kuwa nyingi hupunguza kasi zikiwa katika betri. Acheze mechi ile ile mara tatu, nyuzi zikiwashwa, na mara tatu zikizimwa, kila mara kwa nusu saa, akiandika daftarini idadi ya picha kwa sekunde. Asiandike wastani peke yake. Aandike na ile ya chini kabisa, kwani mchezo wenye wastani wa picha 60 unaoporomoka hadi 20 kila mpira ufikapo golini humchosha mtu kuliko ule ukaao 45 bila kuyumba. Jioni mbili zatosha, naye amalize kabla ya saa mbili usiku, wakati mama anapofungua kitabu chake cha mauzo na kuitaka kompyuta.