Nyumba Njema si Mlango, Wala si Picha

Wahenga walituachia usemi: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lau wangalikuwa hai leo, nadhani wangaliongeza: wala si picha. Kwani siku hizi nyumba huuzwa kabla msingi haujachimbwa. Mnunuzi huoneshwa picha iliyoundwa kwa kompyuta, kuta zameremeta, sakafu yang'aa kama maji ya birika, naye hutoa malipo ya kwanza kwa kuyaamini macho yake.

Hivi karibuni nilihudhuria kikao cha kamati ya msikiti mmoja wa mtaani. Shauri lilikuwa ukarabati. Kijana mchoraji alileta picha ya namna hiyo, na mihrabu ilionekana humo mara mbili: mara moja ukutani, mara ya pili sakafuni. Wengi tulisema, "Mashaallah!" Mzee mmoja akauliza swali moja tu: "Mwanangu, mtu ametoka kutawadha, miguu imemlowa. Hapa atasimama vipi?" Tukanyamaza sote. Kijana, kwa uungwana wake, alikiri kwamba hakuwa amechagua sakafu yoyote. Alisogeza tu kipimo cha mng'ao mpaka picha ikapendeza.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mimi si adui wa kompyuta. Elimu iliyomo ndani ya programu hizo ni kubwa, na sehemu ya asili yake ni ya wanazuoni wetu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alieleza katika Kitab al-Manazir, katika karne ya 11, jinsi mwanga unavyorudi kutoka kwenye vioo na kuingia jichoni. Mwaka 1980, Turner Whitted wa Marekani alichapisha njia ya kuifanya kompyuta iifuate miale inaporuka kutoka kitu hadi kitu. Na mwaka 1986 James Kajiya akaandika hesabu ya kuujumlisha mwanga wote. Leo hata Blender, programu isiyolipiwa, yaweza kufanya hayo.

Lakini kompyuta haijui chokaa ni nini, huambiwa. Mchoraji ndiye aipaye habari za kila kitu: rangi yake, na uso wake ni laini au wa kukwaruza. Uso laini huurudisha mwanga kwa njia moja, ukang'aa. Uso wa kukwaruza huutawanya. Chokaa mpya hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga. Mchoraji akiandika 100, ametaja kitu kisichokuwako duniani. Kioo cha dirisha kikitazamwa uso kwa uso hurudisha kama asilimia 8 tu. Ukikitazama kwa mshazari mkali ndipo kinapogeuka cha kujitazamia. Basi dirisha linalochorwa liking'aa kote kote lamficha mnunuzi jambo kubwa: jua la alasiri litapita papo hapo na kuichemsha sebule yake.

Na hasara haiishii kwa mnunuzi. Tazameni nyumba kongwe za Lamu, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kuta zake za matumbawe zilipigwa lipu ya chokaa ikasuguliwa hadi ikalainika, na zidaka zikaupokea mwanga wa uani kwa upole. Mng'ao wake ni wa haya, si wa kioo. Sasa mwenye nyumba akioneshwa picha ya ukuta unaowaka kama sahani ya plastiki, huiona chokaa ya babu yake kuwa ni uchakavu. Huibandua, akapiga saruji. Saruji nayo huufungia unyevu ndani ya matumbawe, chumvi ikatoka, na ukuta ukaanza kumomonyoka. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Waislamu twaijua habari ya muuza nafaka sokoni. Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta majimaji. Yule bwana akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wapate kuiona. Kisha likatolewa onyo kwamba mwenye kughushi si miongoni mwetu. Picha inayoonesha kilicho kikavu na kuficha kilicholowa, kwa maoni yangu, ni rundo lile lile.

Basi vijana wetu wachoraji, kabla ya kukaa mbele ya kompyuta, nendeni mkaushike ukuta. Uangalieni adhuhuri na alasiri, uangalieni baada ya masika. Hiyo ndiyo itakayoipa picha uhai, kwani jicho hulitambua jambo la kweli hata lisipoweza kulieleza. Nanyi wanunuzi na wanakamati, msitie saini kwa picha peke yake. Takeni kipande cha vigae vyenyewe, kiwekeni juani, kimwagieni maji, mkikanyage.

Kamati yetu ilifanya hivyo. Kile kigae cha kung'aa kilirudi dukani.