Ndama Anayeharisha Asinyimwe Maji

Liko shauri la zamani ambalo bado lafuatwa na baadhi ya wakulima wa Meru na Embu: ndama akiharisha, anyimwe maziwa na maji mpaka tumbo likauke. Shauri hili laonekana kuwa la busara, kwa maana kinachomtoka ndama ni maji. Lakini linawaua ndama ambao wangepona. Nitaeleza sababu, ili mkulima alipime jambo hili mwenyewe.

Kila aliyepeleka kahawa kiwandani ameuona mfereji wa kuoshea. Maji yakiwa ya kutosha, punje huteleza mpaka mwisho. Maji yakipunguzwa, punje ni zile zile na mfereji ni ule ule, lakini punje husongamana, huenda polepole, kisha hukwama. Damu nayo ni hivyo. Ni maji yaliyobeba chembe nyekundu ndogo sana, nazo ndizo zinazochukua hewa safi mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Kwa sababu ya mzigo huo, damu ni nzito kuliko maji mara tatu au nne hivi. Nasema uzito wa uji, si uzito wa mizani.

Katika miaka ya 1840 mtaalamu wa Ufaransa, Jean Poiseuille, alieleza jinsi maji yanavyopita katika mirija myembamba. Kanuni yake ni hii: kitu cha majimaji kikizidi uzito mara mbili, na msukumo usipoongezwa, kinachopita ni nusu tu. Damu ina ubaya mwingine: ikienda polepole, huzidi kuwa nzito.

Sasa mtazame ndama wa kilo 40. Akipoteza sehemu 8 katika 100 za uzito wake, zimemtoka lita 3 na zaidi za maji, na mengine yametoka katika damu. Chembe zimebaki, maji yamekwenda. Damu imepungua na tena imekuwa nzito. Moyo wapiga mbio, lakini damu haifiki vema mbali. Ndiyo sababu masikio na miguu huwa baridi. Macho huingia ndani, na ngozi ya shingo ukiifinya hairudi upesi. Ndama wa namna hii mara nyingi haui ugonjwa wa tumbo wenyewe. Huuawa na ukosefu wa maji na chumvi. Kumnyima maji saa hiyo ni kuufunga mfereji wakati punje zimeanza kukwama.

Apewe nini? Katika maduka ya dawa za mifugo uko unga wa chumvi na glukosi uliotengenezwa kwa ndama. Ukoroge katika maji ya vuguvugu kama ulivyoandikwa, umpe lita 2 kila mara, mara mbili kwa siku au zaidi. Usitumie sukari ya jikoni, kwa maana tumbo la ndama haliwezi kuisaga vizuri. Maziwa aendelee kupewa, lakini kwa saa nyingine. Kama hawezi kusimama wala kunyonya, usimmiminie kinywani kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni. Mwite daktari wa mifugo mara moja, amtie maji mshipani.

Asije mtu akafikiri kwamba damu ikizidi kuwa nyepesi ndiyo afya. Ndigana baridi huharibu chembe nyekundu za ng'ombe. Huko Mbeere na Tharaka, minyoo inyonyayo damu hukaa katika tumbo la mbuzi; minyoo 5,000 yaweza kunyonya robo lita kwa siku. Fungua kope la mnyama: likiwa jeupe badala ya jekundu, damu imepungua chembe. Damu hiyo hupita upesi, lakini hupita mikono mitupu. Dawa yake si maji. Ni kuutibu ugonjwa wenyewe.

Wengine watasema unga huo ni gharama, na kuharisha hakungoji siku ya malipo ya maziwa. Neno hilo ni kweli, na hapo ndipo vyama vyetu vya maziwa vinapoweza kusaidia. Vyama vingi hutoa chakula cha ng'ombe kwa mkopo na kukata fedha katika maziwa. Kwa nini unga wa ndama usitolewe vivyo hivyo? Mtamba akifa leo, mkulima atakaa miaka miwili na zaidi kabla ya kupata mwingine wa kukamuliwa. Mwanachama na asimame katika mkutano ujao auombe unga huo uwekwe ghalani, na kila mwenye ng'ombe mwenye mimba awe na pakiti zake nyumbani kabla ndama hajazaliwa.