Mjusi Naye Ana Ploti Yake

Ukizuru mtaa wa Kahawa Sukari mwendo wa saa nne asubuhi, jua likianza kukolea, hutakosa kumwona juu ya ukuta wa mawe: kichwa chekundu, mwili wa samawati, akiinua na kuinamisha kichwa kama mzee anayeafiki hoja barazani. Juzi niliwakuta watoto wakimvurumishia mawe. Ati akikuuma unakufa! Maskini, mjusi huyu hana sumu hata tone.

Je, anafanya nini pale? Analinda ploti yake. Kule kutikisa kichwa ni onyo kwa dume mwenziwe. Lakini kuna jambo usiloliona. Chini ya mwili wake, karibu na shina la mkia, dume ana safu ya vitundu vidogo vitoavyo kitu kama nta. Akilala juu ya jiwe, nta huachwa hapo. Hata mwenyewe akienda kusaka sisimizi, harufu yake hubaki kama bikoni za mpimaji ardhi.

Mijusi wengi husoma habari hizo kwa ulimi. Wakilamba jiwe, ulimi hupeleka harufu hadi kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa. Kenge ndiye bingwa wao: ulimi wake wenye panda mbili humjulisha harufu imezidi upande gani, kulia au kushoto. Kinyonga hakujaliwa hivyo. Yeye hutegemea macho.

Huko Uhispania, wataalamu waligundua kwamba mjusi dume wa ukutani huitambua harufu ya dume aliyekwisha kumzoea, naye hapigani naye sana. Mgeni ndiye hukiona cha mtema kuni. Kwa hivyo harufu huwaepusha majirani na vita vya kila siku.

Hata hivyo, bikoni hizi si za saruji. Mwaka 2013, uchunguzi juu ya mijusi wa milima ya nchi hiyo ulionyesha kwamba joto likizidi, ujumbe wa harufu hupoteza nguvu. Dunia inavyozidi kupata joto, huenda mijusi wakashindwa kusomana.

Basi, mzazi, mtoto akiokota jiwe, mpokonye umpe daftari. Akae kando, ahesabu mjusi anatikisa kichwa mara ngapi na anarudi jiwe lipi. Kisha mwambie: ukuta ni wetu, lakini pale juu pana mwenyewe.